Jiwe la Nani?

Jumapili moja nilimpeleka binamu yangu, mgeni kutoka Dodoma, akapige picha kwenye lile jiwe letu maarufu, karibu na gati la kivuko cha Kamanga. Jiwe juu ya jiwe, ziwa nyuma yake, jua linazama. Akapiga, akaridhika, kisha akaniuliza, "Sasa kaka, huyu Bismarck ni nani? Aliishi hapa?"

Nikajibu kisomi: Otto von Bismarck alikuwa kansela wa Ujerumani tangu 1871 hadi 1890, na Mwanza hakuikanyaga hata siku moja.

"Ala! Sasa jiwe likawaje lake?"

Hapo msomi nikanywea. Mama mmoja muuza samaki, aliyekuwa anatusikiliza muda wote, akacheka. "Mwanangu, kwani huyo Victoria naye alishawahi kuyanywa haya maji?"

Ndugu msomaji, tusidanganyane. Speke alipoliona ziwa tarehe 3 Agosti 1858, aliwasikia wenyeji wakisema Nyanza. Akaliandika hilo neno, na mbele yake akabandika jina la malkia wake. Halafu vitabu vikasema "amevumbua". Hayo kila mwanafunzi wa sekondari anaweza kuyalalamikia, na anayalalamikia vizuri tu. Ugomvi wangu leo si na Speke. Ni na sisi.

Wapo watakaosema dawa ni kubadili majina: ng'oa Bismarck, weka mtu wetu, kwisha. Haya, tazameni kisiwa cha Saanane, palepale mbele ya mji. Jina hilo ni letu. Saanane Chawandi alikuwa mkulima na mvuvi aliyeishi kisiwani humo kabla serikali haijapafanya bustani ya wanyama mwaka 1964. Tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa. Ulizeni vijana kumi pale stendi Saanane ni nani. Watawaambia ni mahali pa kwenda na mchumba kuangalia swala. Jina tunalo, mtu hatunaye. Sasa kibao kipya juu ya jiwe kitatusaidia nini?

Sisi tunaojiita waandishi ndio wenye kesi. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa tunachokifikia kwa meli kutoka hapahapa mjini, alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Mume na mke wanatafuta mtoto, basi. Lakini humo ndani mna kilimo, uvuvi, pombe, dawa, ukwe, namna ya kumwamkia mtu na ya kumzika. Hakupata wa kuichapa. Akakaa akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ikatoka uzeeni mwake, naye akafariki mwaka 1981. Miaka zaidi ya thelathini! Sisi shairi likikataliwa mara moja tunasema fasihi imekufa.

Na utotoni tulilishwa nini? Masala Kulangwa. Zimwi Shing'weng'we limewameza watu wote, amebaki mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Mtoto anazaliwa, anakua, anauliza watu wako wapi. Anaua panzi, anakimbia nyumbani: mama, ndiye huyu Shing'weng'we? Siye. Anaua ndege. Siye. Haachi kuuliza mpaka analipata zimwi lenyewe, analipasua tumbo, na watu wanatoka. Kisu kinamkata bibi kizee mmoja sikio, naye badala ya kushukuru anamkasirikia (sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote). Hadithi hii Wasukuma wameibeba mdomoni vizazi na vizazi. Ni nani kati yetu ameiandika upya kwa mji huu wa leo, wa dagaa na bodaboda?

Mnisamehe, nami najitia humo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Walikufa watu zaidi ya 800, na wengi wamelala Igoma. Mjomba wangu alikuwa mmoja wa waliosubiri ufukweni siku zile. Alikuwa akisimulia mvua ikinyesha tu, kwa sauti ndogo, akianzia kila mara kwenye kiatu kimoja cha mtoto. Nikawa najiambia, likizo nitakaa naye. Mwaka jana tukamzika. Nilirudi nikafungua daftari: mashairi matano juu ya theluji, kitu ambacho sijakiona, na juu ya mjomba sina hata mstari.

Yule mama wa samaki sikumuuliza jina, wala ameuza pale tangu lini, wala kwao wakiliitaje lile jiwe. Nilinunua sato mmoja, nikaondoka nikijiona mwerevu. Jumapili hii narudi Kamanga na daftari, nikae kwenye ndoo mpaka anifukuze.