Babu, na wewe ulileta bunduki?

Mzazi mwenzangu, wiki moja kabla ya Siku ya Mashujaa mwanangu wa darasa la tano alirudi kutoka shule, akatupa mkoba, hakugusa chakula. Akaniuliza: "Mama, eti babu ndiye aliyewaletea wezi wa ng'ombe bunduki?"

Mwalimu alikuwa amewaambia waandike insha kuhusu shujaa wanayemfahamu. Yeye akasema atamwandika babu yake aliyepigana Uganda. Mwenzake, tena mtoto wa jirani yetu kabisa, akamcheka. Akamwambia kwao husemwa kwamba hao mashujaa ndio waliofundisha watu kuiba kwa risasi.

Niseme ukweli, sikuwa na jibu. Nilimwambia anywe maji kwanza.

Wazazi wa Tarime na Serengeti mnajua swali hilo linatoka wapi. Kwa wa mbali, nieleze. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Vijana wakaitwa, wanajeshi na mgambo, na huku kwetu waliitika wengi, maana jeshi kwa Mkurya ni kazi ya tangu enzi za KAR. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Wengine walibaki kule kulinda amani mpaka 1981.

Waliondoka kwa ngoma. Waliporudi, nchi ilikuwa imeambiwa ifunge mkanda kwa miezi 18, na miezi hiyo ikapita mkanda haujafunguliwa. Sukari foleni, sabuni foleni. Tena huku kwetu kulikuwa na jambo jingine. Askari wa Amin walitupa silaha nyingi walipokimbia, na baadhi ya silaha hizo zilifika vijijini ndani ya mizigo ya watu waliorudi. Wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki na mishale ukawa wa bunduki. Miaka ya themanini kuna familia zililala na ng'ombe arobaini zikaamka na zizi tupu na msiba juu.

Hilo ni kweli, na sioni faida ya kumficha mtoto. Lakini si kila aliyerudi alirudi na bunduki, na hapo ndipo tulipokosea.

Baba mkwe wangu alikwenda akiwa mgambo wa miaka ishirini na miwili. Alirudi na blanketi la jeshi na redio ndogo. Miaka michache baadaye nyumba ya jirani ilivamiwa usiku, ng'ombe wakachukuliwa, mtu mmoja akapigwa risasi ya mguu. Wazee wakakaa iritongo, na kila aliyetoka Uganda akaitwa mbele ya watu. Alisimama, akaulizwa, akala kiapo. Baadaye ilijulikana wezi walitoka mbali. Hakuna aliyerudi kumwambia, "Tata, pole, tulikukosea." Tangu hapo medali yake iko ndani ya kopo chini ya kitanda, pamoja na stakabadhi za kahawa za chama cha ushirika.

Haya nilihadithiwa na mume wangu. Mimi ni mkamwana, na kwetu mkamwana haketi na baba mkwe akamhoji. Mjukuu ndiye mwenye ruhusa. Babu na mjukuu hutaniana watakavyo.

Kwa hiyo nilimwambia mwanangu aende mwenyewe akaulize. Nilimwonya asiulize aliua watu wangapi. Ndilo swali ambalo watoto wote hulikimbilia, na nimeona wazee wawili wakinyanyuka na kuondoka kwa sababu yake. Nikamwambia aulize walikula nini njiani na rafiki zake walikuwa akina nani.

Walikaa chini ya mwembe mpaka mbuzi wakarudi.

Habari ya bunduki ilichukua dakika moja tu. Babu alimwambia aliyokuwa nayo aliirudisha kwa waliompa, akatia sahihi. Kilichochukua mchana mzima ni Lukaya. Huo ni mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, karibu na bwawa kubwa la matete. Machi 1979 brigedi yenye mgambo wengi ilikutana huko na jeshi la Amin likisaidiwa na Walibya. Makombora yalipoanza kulia, mgambo wengi hawakuwa wamewahi kuyasikia. Walikimbia. Kesho yake wakapangwa upya, vikosi vingine vikaja, na mapigano yakageuka.

"Na babu alikimbia?" nilimuuliza.

"Alikimbia mama. Alipoteza kiatu."

Miaka 15 nimeolewa katika boma hili sijawahi kusikia habari ya kiatu hicho. Mume wangu, mtoto wake wa kumzaa, naye hakuwahi.

Kila Julai 25 tunaona kwenye televisheni mkuki na ngao vikiwekwa mnarani, na kule Kaboya, Muleba, makaburi ya waliokufa vitani yanaheshimiwa. Hayo ni mema na yaendelee. Ila huyo aliye hai, anayeamka usiku akipiga kelele na wajukuu wakacheka, heshima yake iko mikononi mwetu nyumbani. Kama mzee wako akinywa gongo mwezi wa Machi kuliko miezi mingine, kabla ya kumgombeza uliza Machi ipi.

Wamarekani walichelewa pia. Askari wao wa Vietnam walirudi watu wakiwa wamechoshwa na vita, na ukuta wenye majina ya waliokufa ulizinduliwa Washington mwaka 1982 kwa michango iliyoanzishwa na askari wenyewe. Sisi tuna hata wa zamani zaidi tuliowanyamazia. Vijana wa Tanganyika katika KAR walipelekwa Kenya wakati wa Mau Mau, kupigana na watu ambao baada ya uhuru waliitwa mashujaa. Mzee mmoja wa ukoo wetu alikuwa miongoni mwao. Alizikwa bila mjukuu hata mmoja kumuuliza, na mimi ni mmoja wa wajukuu hao.

Basi kama mzee wako yupo, mtume mtoto. Mkumbushe asimkatize babu. Tafuta pia karatasi zake, namba yake ya jeshi, barua yake ya kuruhusiwa, zitoe kwenye kopo uzipige picha kwa simu hiyo hiyo unayosomea hapa. Mchwa hawaheshimu vita.

Insha iliandikwa, kurasa mbili. Nilipofika pale pa Lukaya nilimuuliza mwanangu kama babu amekubali habari ya kukimbia iandikwe. Akasema babu ndiye aliyemwambia aiandike kwa kalamu ya wino.

Kwa jirani bado hatujaenda. Mume wangu anasema tungoje mavuno yapite, watu wawe na nafasi ya kukaa. Mimi naona miaka arobaini imetosha, na Jumapili nitakwenda na chupa ya chai.