Mwenye Daftari Atajibu kwa Nani?

Mtu aingiapo Pumwani, Nairobi, na daftari mkononi, akapiga hodi kwa mwanamke aishiye kwa ukahaba, akamwuliza hupokea wageni wangapi na hupata shilingi ngapi, yatupasa nasi kumwuliza: umetumwa na nani, na ukimdhuru mama huyu atakushtaki kwa nani?

Hatusemi haya kwa kuwachukia watafiti wanaojitegemea, wasio na chuo wala shirika nyuma yao. Faida ya kuwauliza wenyewe twaijua. Katika miaka ya 1970 mwanahistoria Mmarekani, Luise White, alizungumza na wazee wa Pumwani, na kitabu chake cha mwaka 1990 kilionyesha kwamba wako wanawake wa kazi hiyo waliojenga nyumba zao mjini zamani za ukoloni, na wengine waliosaidia jamaa zao shamba wakati wa dhiki. Alieleza hata tofauti ya malaya, aliyempokea mgeni chumbani mwake akampa chakula na maji ya kuoga, na watembezi waliotafuta wateja njiani. (Neno lile la kwanza leo limekuwa tusi tupu.) Pasipo kuulizwa, habari zao zingebaki katika majalada ya polisi na ya waganga wa serikali.

Lakini chuo kina kamati ya kupima maadili ya utafiti, na mwenye malalamiko ana mlango wa kugonga. Ajitegemeaye hana. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 yataka mtafiti awe na leseni, nayo ni haki. Hata hivyo leseni haimlindi mwanamke ikiwa daftari lenyewe limejaa hatari. Jina likiandikwa pamoja na nyumba na saa za kazi, kisha daftari likaanguka mikononi mwa askari, au mwenye nyumba, au mume aliyeachwa, aliyeandika atapanda ndege, na aliyejibu atabaki. Basi jina lisiandikwe kabisa ikiwa kazi yaweza kufanyika bila hilo. Na mara nyingi yaweza.

Tangu mwaka 1985, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, walichunguza maradhi ya zinaa na Ukimwi kwa wanawake wa Pumwani. Muuguzi Elizabeth Ngugi, aliyekuwa miongoni mwao, hakuwafuata wanawake hao kwa kunyatia. Aliwaita barazani, nao wakawa na viongozi wao wenyewe, wakaelezwa yaliyoonekana katika uchunguzi na namna ya kujikinga. Kazi ile ilikuwa na vyuo viwili nyuma yake, lakini kuitisha baraza hakuhitaji chuo.

Na malipo je? Wako wasemao kwamba kumlipa mwenye njaa ni kununua ridhaa yake. Sisi twaona vingine. Mfanyakazi ajua thamani ya saa moja, na saa aliyokaa na mtafiti ni saa asiyopata riziki. Alipwe, na alipwe kamili hata akikataa swali la tatu na kuinuka kitini, maana hapo ndipo ridhaa yake itakapojulikana kuwa ni ya kweli. Na mtafiti asiyeweza kuueleza mpango wake mbele ya baraza la wanawake hao, wakamwuliza nao wapendavyo, alifunge daftari lake arudi alikotoka.