Tusingoje Jirani Atoke Kwanza: Wito kwa Watu wa Mbulumbulu

Ndugu zangu wa Kambi ya Simba, Slahhamo, Kitete na Lositete, na ninyi nyote mnaolima chini ya msitu wa Ngorongoro hata ukingoni mwa Bonde la Ufa, naomba idhini yenu niseme habari ya bahari. Najua ya kuwa wengi wetu hatujapata kuiona, na ya kuwa mtu aliyezaliwa katika nyanda hizi za juu, ambako ukungu wa Julai hauondoki shambani mpaka jua limepanda sana, huhesabu habari ya kimbunga kuwa ni masaibu ya watu wengine, ya kusikitikiwa redioni jioni na kusahauliwa asubuhi. Lakini nimeyaangalia kwa makini mambo ambayo wenzetu wa pwani huyatenda tufani inapowakabili, na nimesadiki kwamba kosa linalowapata wao ndilo linalotunyemelea sisi, na kwamba dawa ya kosa hilo haipatikani nyumbani kwa mtu mmoja mmoja, bali katika mapatano ya kijiji kizima.

Kimbunga si mgeni wa kila mwaka katika pwani ya Tanzania. Upepo wa bahari hupata mzunguko wake kutokana na kuzunguka kwa dunia, na nguvu hiyo inayoupinda upepo hudhoofu kadiri mahali panapoikaribia Ikweta. Kwa sababu hiyo tufani nyingi za kusini mwa Bahari ya Hindi huishia Madagaska na Msumbiji kabla ya kutufikia. Hata hivyo, jambo nadra si jambo muhali. Tarehe 15 Aprili 1872, katika zama za Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, tufani iliingia Unguja ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi na kuzivunja merikebu za Sultani bandarini, na Pemba, iliyosalimika, ikawa tangu hapo ndiyo shamba kuu la karafuu. Miaka 80 baadaye, tarehe ile ile, 15 Aprili 1952, kimbunga kiliipiga Lindi kikaua watu zaidi ya 30. Baina ya misiba hiyo miwili vizazi vilipita. Waliouona wa kwanza kwa macho yao walikuwa wamekwisha kuzikwa karibu wote wa pili ulipofika, na habari isiyo na shahidi aliye hai aghalabu hugeuka kuwa hadithi ya kuwalaza watoto.

Sasa tuitazame miaka ya karibu, ambayo mashahidi wake wangali hai. Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilikaribia mpaka wetu wa kusini. Huko Mtwara watu walitakiwa waache kazi na shule na kwenda mahali pa salama, na wengi walitii. Kisha tarehe 25 kimbunga kikageukia ng'ambo ya Ruvuma, kikaiharibu Cabo Delgado huko Msumbiji, na Mtwara ikabaki na upepo na mvua za kadiri. Miaka miwili baadaye, Aprili 2021, Jobo, kimbunga kingine, alitangazwa kuwa anaelekea Mafia na Dar es Salaam, watu wakakesha, naye akafika nchi kavu akiwa amekwisha kupoteza nguvu zake. Basi, mwezi Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza kwamba Hidaya, kimbunga kingine tena, yuko mashariki ya pwani yetu na anakuja, tangazo hilo liliingia katika masikio ya watu waliokwisha kuambiwa mara mbili na kuona mara mbili kwamba paa zao hazikung'oka.

Safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zilisitishwa, na wavuvi wakatakiwa wasitoke. Tarehe 4 Mei Hidaya aliingia Mafia akafifia, na waliokuwa wakitazama paa tu walisema kwamba huyu naye amepita bure. Lakini mvua aliyokuja nayo haikupita bure. Katika Kilwa, maeneo ya Somanga, maji yalizikata barabara na madaraja, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa, magari ya shehena na mabasi ya abiria yakiwa yamepangana pande zote mbili za mahali palipokuwa barabara. Watu walikuwa wakiungoja upepo, na msiba ulikuja kwa njia ya maji.

Ni desturi ya wanadamu popote tufani inapotangazwa kugawanyika. Wako wale ambao, neno la kwanza tu linaposikika, huvuta ngalawa zao juu kabisa kwenye mchanga, hufunga mabati kwa kamba na kuyawekea mawe, na hununua unga, mishumaa na maji ya akiba. Wako wanaokwenda ufukoni makusudi kutazama mawimbi na kuyapiga picha. Na wako wengi zaidi kuliko hao wote, ambao hawakimbii wala hawadharau, bali husimama mlangoni wakiangalia nyumba ya pili. Jirani akifunga mzigo, nao hufunga. Jirani akiendelea kuanika nguo, nao hutuliza mioyo. Jirani naye, kwa upande wake, anawaangalia wao. Hivyo mtaa mzima wa watu wenye akili timamu, walioisikia habari ile ile kwa lugha ile ile, waweza kukaa mahali pa hatari mpaka saa ya kutoka imepita, pasiwe na hata mmoja aliyeamua kukaa.

Tusiwahukumu. Anayesitasita kutoka nyumbani kwake si mjinga. Anahesabu mbuzi wake, magunia yake na mlango wake usio na kufuli; anamfikiria mama yake mzee asiyeweza kutembea; anaogopa kwamba akirudi atakuta mwizi amefanya kazi ambayo tufani haikuifanya, au kwamba tufani isipokuja atachekwa. Kwa mtu aliye peke yake hofu hizo zote zina haki, na hapana nasaha ya redioni inayoweza kuziondoa, kwa sababu redio haitamlindia mbuzi.

Hata sisi tu watu hao hao. Nendeni korongoni jioni ya Aprili baada ya mvua kubwa kunyesha juu msituni, mkaone. Maji ni mekundu, yamebeba vijiti na matawi, na yanatoa sauti ya mawe yanayogongana chini kwa chini. Watoto wa shule wamesimama ng'ambo ile wameshika viatu mkononi. Mama mwenye ndoo amesimama ng'ambo hii. Mwendesha bodaboda amezima pikipiki yake na kuiegemea. Hakuna anayejua kina cha maji, na kila mmoja anamwangalia mwenzake. Mara kijana mmoja huchomeka fimbo majini, hupiga hatua mbili, maji yakamfika magotini, naye huendelea. Na hapo hapo wote huingia nyuma yake, wakubwa kwa wadogo, kana kwamba magoti ya kijana yule ndiyo kipimo cha magoti ya mtoto wa darasa la pili. Nani alimteua kijana yule kuwa nahodha wetu? Hakuna. Na siku atakapokosea atakuwa amewaongoza wote waliomfuata.

Pengine mtu ataniuliza: bahari inatuhusu nini, nasi tuko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa? Inatuhusu sana, kwa kuwa mvua yetu hutoka huko. Mwezi Machi 2019, wakati kimbunga Idai kilipokuwa kikiusaga mji wa Beira, Msumbiji, kilivuta unyevu wa anga kuelekea kwake, na masika ya Afrika ya Mashariki yakachelewa. Wakulima waliokwisha kupanda walikaa wakitazama mawingu yasiyo na kitu. Nyakati nyingine tufani iliyo mbali huleta kinyume chake, na mawingu humiminwa juu yetu kupita kiasi. Isitoshe, vimbunga vyote nilivyovitaja katika ardhi yetu vilikuja Aprili na mwanzo wa Mei, wakati makorongo yetu yamekwisha kujaa na udongo umekwisha kushiba maji.

Tena tunao msiba wa jirani zetu, ambao haukuhitaji tufani yenye jina. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ililegeza ubavu wa mlima Hanang, mahali penye miamba dhaifu iliyonyonya maji, na tope, mawe na miti mizima vikaporomoka juu ya Gendabi, Jorodom na mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Wengi wetu tuna jamaa huko, na wale miongoni mwetu waliokwenda mazikoni waliona milango iliyozibwa kwa tope hata usawa wa dirisha. Hanang ni volkano ya kale, na udongo tunaoulima sisi ni zao la volkano za kale za Ngorongoro. Sisemi kwamba yaliyoifika Katesh sharti yatufike. Milima haifanani, wala si haki kuwatia watu hofu isiyopimwa. Nasema kwamba maji yakishuka kwa wingi huo kutoka msituni, hapana mtu wa Mbulumbulu atakayekuwa na saa moja ya kusimama mlangoni akitazama nyumba ya pili.

Wako watakaosema kwamba matangazo ya hali ya hewa hukosea, nao wanasema kweli kwa sehemu. Mwenye kutabiri njia ya upepo hatoi ahadi. Hueleza kiasi cha uwezekano, na ndiyo sababu Mamlaka yetu hutumia madaraja matatu, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na mengi ya magomvi yetu na matangazo yake yangekwisha kama tungeyatofautisha madaraja hayo. Kwa angalizo mtu haachi nyumba. Husafisha mfereji, huondoa mifugo korongoni na huwakataza watoto njia ya mkato. Watu wa Mtwara waliotoka mwaka 2019 walipoteza siku za kazi. Wa Cabo Delgado waliobaki walipoteza zaidi. Na wale wasemao kwamba yote ni amri ya Mungu, nami naamini hivyo. Lakini Mungu huyo huyo ndiye aliyetupa masikio ya kusikia na miguu ya kuondokea.

Basi wito wangu ni huu, nao nauelekeza kwa kijiji kama kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati ya maafa iwepo tangu ngazi ya taifa mpaka kijijini. Kamati hiyo isiwe majina katika daftari la ofisi. Iteuliwe mbele yetu, katika mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano uipe amri iliyo wazi: nani atakayepokea tangazo la hali ya hewa kila siku katika miezi ya mvua, na kwa ishara gani atatufikishia. Tunayo kengele ya kanisa, na shuleni tunayo rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Tupatane leo kwamba mlio fulani, usiotumika kwa ibada wala kwa masomo, maana yake ni kuondoka makorongoni mara moja, na asiwepo wa kuuliza mara ya pili.

Tupatane mahali pa kwenda, na iwe ni mahali palipopimwa na wazee wanaoijua njia ya maji ya mwaka 1998, zilipokuja mvua za El Niño, kwa sababu darasa lililojengwa juzi laweza kuwa limejengwa juu ya korongo la zamani. Tuandike, nyumba kwa nyumba, nani mzee, nani mgonjwa, nani mjamzito, na kila mmoja wao apewe vijana wawili wanaotajwa kwa majina, ili usiku ule asiwepo wa kudhani kwamba mwingine amekwenda. Tuwateue na walinzi wa mifugo na maghala, waape mbele ya mkutano, kwani hofu ya mwizi huwazuia watu wengi kutoka nyumbani. Na korongoni, kwenye kila kivuko isimikwe nguzo yenye alama nyekundu: maji yakiifikia, hakuna avukaye, awe mwalimu, mwenye pikipiki au mwenye haraka ya mnada.

Kisha iko kazi ya jembe, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote. Makinga maji waliyoyachimba wazee wetu yamelimwa juu na matrekta katika mashamba mengi ya ngano na mahindi, na maji ambayo zamani yalisimama na kuzama sasa hukimbia tangu msituni mpaka ukingoni, yakawashukia ndugu zetu wa Mto wa Mbu walio chini yetu, ambao hatuwaulizi wanalalaje. Mtu mmoja akichimba makinga maji na wa juu yake asichimbe, maji ya wa juu huyavunja ya wa chini kwa mvua moja. Kwa hiyo kazi hii haigawanyiki kwa mipaka ya mashamba. Ni ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, safu kwa safu, majani ya mabingobingo yakipandwa juu ya kila tuta ili yashike udongo na kulisha ng'ombe.

Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu, na jambo la kujadiliwa huandikishwa kwa mwenyekiti au kwa afisa mtendaji kabla ya siku yenyewe. Nawasihi, wazee wangu, mama zangu na vijana, kila mwenye kuafiki aende akaandikishe jina lake chini ya shauri hili kabla ya vuli kuanza, ili lisionekane kuwa ni shauri la mtu mmoja. Na siku ya msaragambo wa kwanza, mwenye jembe aje na jembe, mwenye kamba na pima maji aje navyo, tukutane juu kabisa, mpakani mwa msitu, kwa kuwa huko ndiko maji yanakoanzia mbio zake, na safu ya kwanza sharti ichimbwe huko.