Bei ya mwisho tuipange nyumbani

Mwenzetu mmoja aliuza mashini yake ya kushona dola 25. Alitaka 60. Lakini alikuwa amemweleza mnunuzi kwamba mtoto wa sekondari amerudishwa nyumbani kwa kukosa minervali.

Kwa hiyo tumepatana hivi. Kabla ya kupanda sokoni Kadutu, tupange nyumbani bei ya mwisho. Mtu akitoa bei ya kudharau, tusimtukane. Tumwambie, "Papa, ongeza kidogo," kisha tunyamaze. Shida yetu tusimwambie.

Na pesa ikihitajika leo leo, tuombe kwanza mwenzetu wa likelemba tubadilishane zamu. Mashini ile ndiyo iliyolisha watoto. Dola 25 zimekwisha, na kazi imekwisha nazo.