Swali la Mtoto Lisizimwe kwa Kicheko

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Maneno hayo twayakariri sana, lakini vitendo vyetu, darasani na nyumbani, mara nyingi huyakanusha. Mtoto aulizapo jambo ambalo mkubwa hakulitazamia, hujibiwa kwa karipio, au kwa kicheko, ambacho huumiza kuliko karipio. Kazi yangu ni kuwafunza walimu wa sayansi, na nimeona kwamba mwalimu kijana haogopi upungufu wa vifaa kama anavyoogopa swali asilolijua jibu lake. Leo, ndugu msomaji, tulizungumze swali moja lililoulizwa hapa hapa nchini, likachekwa, kisha likafika mbali.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu: walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa ndogo na wenye haja walikuwa wengi. Mwenzake mmoja akaweka maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba naye, akichelea kukosa nafasi, akaweka yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yangali majimaji mazito.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, alipokuwa akisoma Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Safari hii alijibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo, kila alipokosea hesabu, wenzake walimtania kwamba hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Tuwatendee haki walimu hao. Walikuwa wakiijua kanuni ya kupoa aliyoiweka Newton, na kwa kuitazama kanuni hiyo peke yake, maji ya moto hayana njia ya kuyatangulia ya baridi. Ila jokofu lilikuwapo hapo hapo shuleni, na hakuna aliyesema: twende tukajaribu.

Mpemba alijaribu mwenyewe, katika maabara ya biolojia. Kisha Dk. Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alikwenda Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akamwuliza: ukiweka jokofuni vyombo viwili vyenye maji ya kiasi kimoja, kimoja kikiwa na joto la nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne aliona shaka, lakini hakumkatalia. Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, ila akaahidi kuendelea kurudia mpaka lipatikane jibu lililo sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education, na tangu hapo jambo hilo hutajwa duniani kwa jina la Mpemba.

Je, Mpemba alipatia? Wataalamu wangali wanabishana. Wako wasemao sababu ni mvuke unaoyapunguza maji ya moto. Wengine hutaja mzunguko wa maji ndani ya chombo, na wengine hewa iliyoyeyuka majini. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa huko Uingereza, Burridge na Linden, walirudia vipimo kwa uangalifu, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha. Walionyesha pia kwamba kuhamisha kipimajoto sentimita moja tu, juu au chini, kwaweza kubadili matokeo. Lakini thamani ya swali haikutegemea jibu. Mpemba alistahili kusikilizwa kwa kuwa aliona jambo kwa macho yake, na akaeleza namna mtu mwingine awezavyo kulijaribu.

Kwa hiyo walimu wanafunzi nawahimiza wazoee maswali matatu: Umejuaje? Tutapimaje? Nini kingine chaweza kuwa sababu? Wakisha kuuliza, wanyamaze. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha kwamba kwa kawaida mwalimu humngoja mwanafunzi kiasi cha sekunde moja tu. Akingoja sekunde tatu au zaidi, majibu huwa marefu zaidi, na hata wale wanaohesabiwa kuwa wazito huanza kusema.

Wazazi wenzangu, hayo yawezekana nyumbani pia. Nyumba nyingi za mjini zina jokofu, na akina mama wengi huuza barafu kwa watoto wa jirani. Chukueni vikombe viwili vya bati vilivyo sawa, mtie maji ya kiasi kimoja, ya moto na ya baridi. Ya moto ayamimine mtu mzima. Viwekwe kwenye rafu moja ya kugandishia. Mtoto aandike kwanza anachotazamia, kisha anachokiona na saa yake. Kesho mrudie, mkibadilishana nafasi za vikombe. Matokeo yakitofautiana, msimlaumu mtoto. Mwulizeni ni kitu gani kilichobadilika.

Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule zikuze akili yenye kudadisi. Akili hiyo haina msimu wa likizo. Mtoto aliyezoea kuchekwa hujifunza upesi kunyamaza, na kimya hicho hukua naye. Kesho atakuwa fundi asikiaye mashine ikilia vibaya asiseme, au mwuguzi aonaye dozi si ya kawaida asiulize. Basi leo jioni mtoto akikujia na swali lake la ajabu, hesabu mpaka tatu kabla ya kufungua kinywa. Nawe ukiwa hujui, mwambie hujui, kisha mtafute pamoja njia ya kujaribu.