FUNDI NA FAGIO



Mwaka 1990 watu kama 185,000 kutoka Urusi na nchi nyingine za Soviet walihamia Israeli. Wengi walikuwa mainjinia, madaktari na waalimu, lakini kwa kukosa Kiebrania wengi walianza kwa kufagia na kulinda milango. Mei 1991 wakaja Waethiopia zaidi ya 14,000, wengi wakulima wasio na shule. Wakashika fagio lile lile. Miaka ilipopita, Warusi wengi walipanda mshahara. Waethiopia wengi walibaki chini.

Sisi wa reli twasema: fundi apimwe kwa kazi yake, na asiyesoma afundishwe kazini. Tukimtetea mwenye cheti peke yake, mshahara wa fagio hautapanda, na kesho fagio hilo twaweza kupewa sisi.