Karatasi ya asiransi ya gari inamlipa nani?

Bukavu, tarehe 22 Novemba 2023

Ndugu vijana, wamotari, madereva wa taksi, wanafunzi, mamama wenye kupanda moto kila asubuhi kutoka Kadutu mpaka Nyawera,

Kampanye imeanza, na tangu siku tatu moto za mji wetu ziko na kazi mpya: kubeba bendera za wagombea. Mgombea anaweka mafuta, anagawa mipira yenye picha yake, anapita. Hatuna neno na motari mwenye kupokea ile pesa, kila mtu anajua namna maisha imekuwa. Lakini kuko swali moja tunaomba mumuulize mbele ya kuvaa mpira wake: siku moja ya zile moto inaanguka na mtu, nani analipa mguu?

Tunauliza juu tunajua jibu. Mwaka jana mmoja wetu, mwanafunzi, aligongwa na taksi kwenye muteremko. Mfupa wa paja ulivunjika. Ile taksi ilikuwa na asiransi. Karatasi ilikuwa imebandikwa kwa kioo, tarehe haijaisha. Tutasema ukweli: tulifurahi. Tulimwambia mama yake, «Mama, usilie, gari iko na asiransi, watalipa.»

Kisha tukaanza kutembea. Waliomba PV ya polisi. Tukaileta. Walisema si kopi, ni orijinali. Wakaomba karatasi ya daktari. Kisha dosie ikaenda «kwa wakubwa, Kinshasa». Wakati ule wote faktire ya hospitali ilikuwa inapanda. Daktari aliisha kumwambia arudi nyumbani, lakini hakutoka, juu faktire haikulipwa. Alibaki pale karibu mwezi muzima, mtu mzima anafungwa kama deni. Familia iliuzisha kiwanja. Kampuni hatuitaji hapa, kwa sababu kama tungeitaja mungefikiri shida ni ofisi moja. Mpaka leo hajapokea ata franka moja.

Njo maana tunakasirika tukisikia mjadala wa asiransi Bukavu unabaki kila mara kwa bei. «Bei ni ya juu, waipunguze.» «Moto ziachwe bila asiransi, sisi ni wamaskini.» Ndugu zetu, tunawasikia, na motari mwenye kupeleka pesa ya bosi kila jioni hana cha kubakisha. Lakini karatasi yenye hailipi mtu, ata ikiuzwa dolari moja, ni dolari moja imeibiwa. Na karatasi yenye inalipa kweli, ata ikiwa ya bei kali, tunaweza kuketi na kuizungumuza. Tuache kwanza bei. Tuangalie nini iko nyuma ya ile karatasi, na tulinganishe na wengine.

Hatuna haja ya kwenda mbali. Tupande bisi ya Uvira.

Munajua safari ile. Bukavu na Uvira ni jimbo moja, Kivu ya Kusini, barabara ya taifa namba 5. Lakini juu ya hali ya barabara ya mlima wa Ngomo, bisi nyingi zinavuka Ruzizi, zinapita ndani ya Rwanda mpaka Bugarama, kisha zinarudi Kongo pale Kamanyola. Unatoka kwenu kwenda kwenu, unapigisha muhuri wa inchi ingine. Aibu ile tuliisha kuiandika mara nyingi, leo tuiweke kando.

Angalia kwa upande wa asiransi. Kwa kuingia Rwanda, karatasi ya Kongo peke yake haitoshi. Dereva anaonyesha karti ya njano ya COMESA, ama anatafuta bima ya siku chache ya upande ule. Ile karti ya njano, yenye iko tangu miaka ya 1980, iko na kanuni moja ya muhimu: ajali ikitokea, inalipa kwa kufuata sheria ya inchi yenye ajali imetokea ndani. Tena inasaidia matibabu ya haraka ya dereva na ya wasafiri.

Sasa chukua mama mmoja mwenye kuketi kwa kiti cha nyuma na kifurushi chake cha samaki. Bisi ni ile ile, dereva ni yule yule, breki ni zile zile. Akiumia kati ya Ruzizi na Bugarama, kuko sheria nyuma yake na kampuni yenye inajua itafuatwa. Akiumia kilomita mbili kisha Kamanyola, ndani ya inchi yake, familia itaanza kutafuta nani anajua nani Kinshasa. Mkongomani anakingwa vizuri zaidi ndani ya inchi yenye anapitia tu kuliko kwake.

Tunajua nini itaandikwa chini ya hii tangazo: «Munasifu Rwanda.» Hapana. Tunajua jirani yule anatufanya nini, na tuliisha kutembea barabarani juu ya ile, wakati wengi wenye watatutukana walikuwa wamelala. Na kule pia si paradiso. Tarehe 13 Januari 2022 wamotari wa Kigali walifunga barabara juu ya mita walizolazimishwa kununua na juu ya gharama zingine, bei ya asiransi ndani yake. Walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini kule kuko fuko la pekee la kulipa mtu mwenye aligongwa na gari yenye ilikimbia ama yenye haikuwa na bima. Ata ukigongwa na gari yenye haijulikani, kuko mlango wa kubisha. Hapa ukigongwa usiku karibu ya Essence na gari ikazima taa na kupotea, utabisha wapi?

Tanzania, kwenye gari nyingi za hapa zinapitia zikitoka bandari ya Dar es Salaam, bima ya lazima ya gari ndogo ya nyumbani imekuwa shilingi 118,000 pamoja na kodi, bei yenye kila mtu anajua, na mtu anaweza kuangalia kwa simu kama bima ya gari fulani ni ya kweli. Kenya, sheria yenyewe inaandika kipimo: mpaka shilingi milioni 3 kwa mtu moja. Kidogo, kingi, watabishana wenyewe. Lakini namba iko wazi. Uliza motari yeyote wa Bukavu karatasi yake inalipa mpaka ngapi. Atacheka.

Na tusidanganywe kwamba sheria hakuna. Asiransi ya gari ni lazima kwetu tangu 1973. Kuanzia 1966 SONAS ilikuwa peke yake sokoni, karibu miaka makumi tano. Sheria ya 17 Machi 2015 ikafungua soko, ikaletwa ARCA ya kusimamia makampuni, na tangu 2019 kampuni za watu binafsi zilipata ruhusa. Tuliambiwa mashindano yataleta huduma. Matangazo yalikuja, ni kweli, na rangi nzuri. Lakini uamuzi ulibaki Kinshasa, na kutoka hapa kwenda Kinshasa hakuna barabara, ni ndege. Mtu mwenye hakuweza kulipa hospitali atalipa tiketi ya ndege kwenda kulalamika?

Kuko pia kosa letu, na hatutalificha. Wengi wetu tunanunua asiransi juu ya polisi wa roulage, si juu ya ajali. Karatasi ikiisha, tunaona ni rahisi kunyoosha mkono na noti kwenye rondpoint. Tena wamotari wengi hawajui kwamba ile asiransi ya lazima ni ya mtu wa tatu: inalipa mwenye uligonga na mwenye ulibeba. Weye dereva, ukiwa na kosa, haikulipi. Wakati wanakuuzia, nani alikufasiria ile? Na weye, uliuliza?

Tunayoomba si mengi. ARCA itangaze kila mwaka, jimbo kwa jimbo, pesa ngapi ya asiransi ya gari ilitoka Kivu ya Kusini na ngapi ilirudi kulipa watu wenye waliumia. Ile namba moja itatosha kuanza mjadala. Kila kampuni yenye inauza karatasi Bukavu iwe na mtu Bukavu mwenye ana ruhusa ya kukata dosie na kulipa. Wahanga wa gari yenye haina bima ama yenye ilikimbia wawe na fuko lao, na liwe na ofisi hapa hapa. Na hospitali ipewe neno la kampuni kwamba itailipa, ili mgonjwa atoke. Mgombea mwenye anataka kura ya tarehe 20 Desemba aseme wazi kama atabeba hii mambo bungeni. Akikataa, ni haki yake. Mafuta yake pia muna haki ya kukataa.

Jumamosi tarehe 2 Desemba, kuanzia saa tatu ya asubuhi, tutakuwa Place Mulamba na madaftari. Kama uliumia, ama mtu wa kwenu aliumia na gari ama moto yenye ilikuwa na asiransi, leta kopi ya karatasi, ya PV na ya faktire. Usilete orijinali. Hatuulizi pesa, na jina lako halitatangazwa. Mwenye hawezi kutembea, atume ndugu yake.